Aisi Moja, Haraka

Fomu ya maombi ya vifaa iliyofika mezani kwangu mara tu nilipohamishiwa ununuzi ilikuwa na maneno matatu: aisi, moja, haraka. Chini yake palikuwa na sahihi ya msimamizi wa zamu na mhuri wa karakana uliopigwa kwa nguvu hadi wino ukapenya nakala ya pili. Kichwa cha treni kilikuwa kimelala kwenye shimo la matengenezo, mabehewa ya mizigo yamepangwa yakingoja, na mimi, niliyeng'olewa kwenye benchi la mafundi wa elektroniki kwa sababu "huyu anavijua vidude", ndiye niliyetakiwa kufahamu ni aisi ipi kati ya maelfu ya saketi hizo ndogo zilizowahi kutengenezwa duniani.

Nilidumu katika kazi hiyo hadi nikaota mvi. Nimenunua dayodi nzito za kubebwa kwa mikono miwili na rezista ambazo huwezi kuziokota bila kibano. Nimebishana na maafisa wa forodha, wakaguzi wa hesabu, madalali wa nchi za mbali na mameneja wa mlango wa pili. Kila nikitazama nyuma naliona jambo lile lile: kifaa cha elektroniki cha reli hununuliwa siku kinapoandikwa kwenye karatasi. Yanayofuata, zabuni, bei, ndege, bandari, ni safari tu ya kile ulichokwisha kukiandika. Ukiandika "aisi moja" utaletewa aisi moja, tena kwa bei ya chini kuliko zote, na sheria itasimama upande wa aliyekuletea.

Asiyeishi na reli huona treni kuwa chuma, mafuta na kelele. Vichwa vyetu vilikuwa vya dizeli-umeme: injini ya dizeli inazungusha jenereta, jenereta inalisha mota zilizoning'inizwa kwenye ekseli. Kati ya mkono wa dereva na mota hizo kuna kadi za elektroniki. Moja inaamua jenereta itoe nguvu kiasi gani. Nyingine inapima mwendo wa magurudumu na kupunguza nguvu yakianza kuteleza mlimani, hasa reli ikiwa na umande. Kadi hizo zinaishi maisha magumu. Betri ya kichwa cha Kimarekani ni ya volti 64, na injini ikiunguruma chaji inapanda hadi 74 hivi. Mifumo ya Ulaya mingi ni ya volti 110, na kiwango chao kiitwacho EN 50155 kinadai kifaa kiendelee kufanya kazi umeme ukishuka hadi volti 77 au ukipanda hadi 137.5, bila kulalamika. Ongeza mtikisiko wa saa ishirini na nne, vumbi la mbuga, na kabati la umeme ambalo mchana wa Oktoba ukiligusa unaurudisha mkono.

Sasa chukua aisi ndogo yenye vikuza-ishara vinne ndani yake, ambayo kila fundi wa redio wa Kariakoo anaijua: LM324. Bei yake haifiki ya chai na chapati. Ina ndugu wawili, LM224 na LM124. Miguu ni ile ile kumi na minne, na mchoro wa ndani hautofautiani kwa jambo la maana. Kinachotofautiana ni ahadi. Mtengenezaji anaahidi kwamba LM324 itafanya kazi katika joto la nyuzi 0 hadi 70, LM224 kutoka -25 hadi 85, na LM124 kutoka -55 hadi 125. Tarakimu moja tu, na fundi mwenye haraka anaona zote ni "ile 24".

Ukiweka LM324 mahali pa LM124, kadi itawaka. Itapita mtihani wa benchi asubuhi na kichwa kitatoka karakana kwa shangwe. Saa nane mchana, kikiwa kwenye mwinuko na mzigo kamili, magurudumu yataanza kuteleza bila kadi kutambua, au nguvu itakatika bila sababu. Usiku kinarudi, kimepoa, fundi wa zamu anapima, kila kitu kizima, anaandika kitabuni: "hakuna hitilafu iliyoonekana." Kesho yake kinatoka tena. Nimeona kichwa cha treni kikipata sifa ya kuwa na mashetani kwa sababu ya tarakimu moja ya namna hiyo, na watu wazima, wenye vyeti, wakikubali nusu kwa mzaha nusu kwa kweli.

Aliyenifundisha kuyaona haya alikuwa fundi mkuu wa kadi, mtu aliyeanza kazi enzi za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, kabla halijavunjika mwaka 1977. Nilimwendea na ile fomu ya maneno matatu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umekuja kuuliza aisi, au umekuja kuuliza kazi ya aisi?"

Nikasema aisi.

"Basi nenda mjini. Ukitaka kujua kazi yake, kaa chini."

Nikakaa. Akavuta kaunta buku lenye jalada gumu lililofungwa kwa waya wa umeme. Kila kadi iliyowahi kupita mikononi mwake ilikuwa na kurasa zake: namba ya mtengenezaji, toleo, kila kapasita na kila transista, na pembeni, kwa mwandiko mdogo wa kalamu nyekundu, kile ambacho hakuna kitabu cha kiwanda kinachokisema: hii inapata joto kuliko zote, hii tuliibadilisha kwa aina nyingine ikadumu wiki moja, hii usiguse, imepangwa kwa jozi na ile ya pembeni. Aisi iliyoombwa haikuwa imekufa. Kilichokuwa kimekufa ni kapasita iliyo karibu nayo, na yeye alikuwa amekwisha kuiandika miaka kadhaa nyuma. Kile kitabu kilitufaa kuliko makabati yote ya stoo, na hakikuwemo kwenye orodha ya mali ya karakana.

Kwa hiyo kazi yangu ya kwanza ya maana haikuwa kununua chochote. Tulibadilisha fomu. Mwombaji alitakiwa anakili maandishi yote yaliyo juu ya kifaa, herufi kwa herufi, na yaliyo chini yake pia. Aseme mwili wake ni wa kauri au wa plastiki, una miguu mingapi, uko wapi kwenye kadi, unafanya kazi gani hapo, umeme wake ni kiasi gani na joto lake ni kiasi gani. Kisha mstari uliozua maneno mengi: kama kuna mbadala unaokubalika, nani anasema unakubalika, aweke sahihi yake. Meneja mmoja alisema tumewaletea mafundi mtihani wa taifa. Mafundi wenyewe walinuna miezi kadhaa. Ila fomu zenye neno "haraka" zilipungua, kwa sababu mtu akilazimika kupindua kifaa na kukisoma, mara nyingi anagundua kwamba ubovu uko kwingine.

Zabuni ni habari nyingine. Nimefanya kazi chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2004, kisha ya 2011, na ile ya 2023 ilinikuta mlangoni natoka. Watu hupenda kuilaumu sheria kwamba inalazimisha kununua cha bei rahisi. Sikubaliani nao. Inachosema ni kwamba mshindi ni mwenye bei ya chini miongoni mwa waliokidhi masharti, na masharti huandikwa na wewe mnunuzi. Ukiyaacha wazi, usimlaumu aliyepita mlango ulioachwa wazi.

Kulikuwa na aisi moja ya kudhibiti thairista ambayo kiwanda kiliacha kuitengeneza zamani. Waliojenga kichwa walitupa chaguo la kununua kadi nzima mpya, kwa bei iliyomfanya mhasibu avue miwani, tena kwa kungoja miezi mingi. Idara ikaamua kutangaza zabuni ya aisi peke yake. Waraka ulitumia kiolezo cha zamani, kilichoandikwa kwa ajili ya boliti na grisi: jina la kitu, idadi, siku ya kupokea. Akashinda mfanyabiashara mwenye ofisi ya chumba kimoja na simu mbili. Baada ya muda, zikaja ndani ya mrija wa plastiki, zinang'aa, maandishi meupe kama yamechapwa jana.

Mzee alizitazama akasema neno moja: "Zimependeza mno."

Tukazipindua. Juu zote zilikuwa na alama moja ya tarehe, zile tarakimu nne ambazo mbili za mwanzo ni mwaka na mbili za mwisho ni wiki ya mwaka. Chini, kwenye plastiki yenyewe, palikuwa na majina ya nchi mbili tofauti yaliyofinyangwa. Aisi zilizotoka kiwanda kimoja wiki moja hazizaliwi katika nchi mbili. Kile kidimbwi kidogo kinachoonyesha mguu wa kwanza, nyingine kilikuwa kimejaa nusu, kama kimepakwa rangi. Tukachukua pamba, tukailowesha asetoni, tukasugua. Pamba ikatoka nyeusi. Chini ya weusi ule ilionekana mikwaruzo ya msasa, yote imeelekea upande mmoja.

Biashara hii ina historia yake. Mji wa Guiyu, katika jimbo la Guangdong nchini China, ulijulikana kwa miaka mingi kama mahali ambapo taka za elektroniki za dunia zilivunjwavunjwa. Kadi za kompyuta zilipashwa moto hadi risasi ya kulehemu ikayeyuka, aisi zikang'oka na kuchambuliwa kwa umbo. Kutoka kwenye mikondo ya taka kama hiyo, wenye hila hununua, husaga maandishi ya zamani, hupaka rangi, huchapa namba yenye soko na kunyoosha miguu. Inayouzwa kuwa mpya inaweza kuwa imekwisha fanya kazi miaka kumi ndani ya mashine ya nakala, au isiwe aina hiyo kabisa.

Tulipozipima, nusu yake zilifanya kazi. Hilo ndilo lililoniumiza. Zingekuwa mbovu zote, kesi ingekuwa nyepesi. Yule mfanyabiashara alikuja kikaoni akiwa mtulivu, akamwuliza mwenyekiti kwa heshima zote: "Mheshimiwa, namba mliyoandika siyo hii? Idadi siyo hii?" Namba ilikuwa hiyo. Idadi ilikuwa hiyo. Waraka haukusema popote kwamba kifaa kiwe kipya, kisichowahi kutumika, chenye karatasi zinazoonyesha kimepita mikono ya nani kutoka kiwandani hadi kwetu. Alilipwa, na kwa waraka ule alistahili.

Baada ya hapo masharti yalinona. Karatasi za mfululizo kutoka kwa mtengenezaji. Haki yetu ya kuvunja sampuli kadhaa na kuzichungulia ndani. Malipo baada ya vipimo vya joto, siyo baada ya kupokea boksi. Wazabuni wakapungua ghafla na bei ikapanda, tukaulizwa kwa nini tunawafukuza wafanyabiashara wa ndani. Jibu langu lilikuwa kwamba mlango uko wazi kwa yeyote mwenye karatasi. Kuna wasambazaji walioidhinishwa na viwanda, na kuna kampuni ambazo kazi yao ni kuendeleza aisi zilizoachwa: Rochester Electronics ya Massachusetts, kwa mfano, hununua mabaki halali ya viwanda na nyingine huzitengeneza upya kwa leseni. Wanauza ghali. Ila ukipiga hesabu ya kichwa cha treni kilicholala siku moja, ughali huo unakosa maana.

Forodha nayo ina mambo yake. Sura ya 86 ya kitabu cha ushuru ni ya treni na sehemu zake, kwa hiyo kila mtu anadhani kadi ya kichwa cha treni inaingia humo. Lakini maelezo ya kitabu hicho hicho yanaviondoa vifaa vya umeme na kuvirudisha sura ya 85. Nimeona shehena ndogo, ya kubeba mkononi, ikilala bandarini kwa ubishi huo huku maofisa wawili wakinukuu kitabu kimoja. Kibaya zaidi ni ukaguzi. Aisi nyingi za aina ya CMOS huuawa na umeme tuli ambao hata huusikii mwilini. Ndiyo maana huja ndani ya mifuko ya rangi ya fedha. Afisa mmoja mwenye bidii alifungua, akazimimina kiganjani, akahesabu, akazirudisha kwenye mfuko wa rambo. Tangu hapo tulianza kutuma fundi wetu akashuhudie ukaguzi na mkanda wake wa mkononi wa kuondoa umeme tuli. Walimcheka mwanzoni, baadaye wakamzoea.

Stoo ndiko nilikojifunza kwamba kifaa kinaweza kufa bila kutumika. Kapasita za maji, zile ndefu za mviringo, ndani zina utando mwembamba ambao hudhoofika zikikaa muda mrefu bila umeme. Ukiitoa kapasita iliyolala rafuni miaka mingi na kuipachika moja kwa moja kwenye volti zake kamili, inaweza kupasuka. Inabidi iamshwe: unaipa umeme kidogo kidogo kupitia rezista, saa kadhaa, hadi utando ujijenge tena. Mama aliyetunza stoo yetu alikuwa mkali kuhusu kutoa cha zamani kwanza, kama alivyofundishwa kwa rangi na mafuta, na alikuwa sahihi. Tulichoongeza ni tarehe ya kuzaliwa ya kila kapasita, kubwa, mbele ya boksi.

"Mwanangu," aliniambia, "siku hizi mnazitunza kapasita kuliko mnavyotutunza sisi."

Hata kapasita mpya ina umri uliopangwa. Ile ya kawaida ya dukani huandikwa saa 2,000 kwa nyuzi 105. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila ukishusha joto kwa nyuzi 10 umri unaongezeka mara mbili, kwa hiyo ndani ya kabati lenye nyuzi 65 inakupa saa 32,000 hivi, yaani miaka mitatu na nusu na ushee ikiwa inawaka muda wote. Ya saa 10,000, kwa kanuni hiyo hiyo, inapita miaka kumi na nane. Tofauti ya bei kati ya hizo mbili ni ndogo sana ukiilinganisha na siku ya fundi. Lakini fomu iliyoandikwa ukubwa wa kapasita na volti zake tu haiwezi kuzitofautisha, na bei ya chini itashinda kihalali kabisa.

Halafu kuna EPROM, aisi ya kumbukumbu yenye kidirisha cha kioo mgongoni. Programu yake hufutwa kwa mwanga wa urujuanimno. Karatasi za watengenezaji zilikuwa zikionya kwamba mwanga wa taa za ofisini unaweza kuifuta kwa miaka mitatu hivi, na jua la moja kwa moja kwa wiki moja hivi. Kwa hiyo kidirisha hufunikwa kwa stika. Stika zikibanduka kwa joto na mtu akaiacha kadi dirishani, utaikuta ile kadi imesahau yote, na hakuna duka linalouza kumbukumbu hiyo. Aisi tupu unaipata. Kilichomo ndani kilikuwa mali ya kiwanda ambacho labda kimeuzwa mara mbili tangu kichwa kitengenezwe. Tulinunua mashine ya kusomea EPROM tukazinakili zote zilizokuwa bado hai, kadi baada ya kadi. Sijui ununuzi mwingine uliotuletea faida kubwa kwa fedha ndogo kama huo.

Nimeacha makusudi hadi hapa jambo lililoninyima usingizi kuliko aisi bandia, kwa sababu halina mwizi wa kumshika. Kichwa cha treni kinatarajiwa kufanya kazi miaka thelathini, arobaini. Aisi huishi sokoni kwa muda ambao viwanda vya simu na kompyuta vinaamua. Mwaka 2006 Intel ilitangaza kwamba itaacha kutengeneza prosesa zake za 386 na 486, pamoja na familia ya 8051, ifikapo mwisho wa Septemba 2007. Watu wa kompyuta walishangaa kusikia kwamba zilikuwa bado zinatengenezwa. 386 ilizaliwa 1985. Sisi tuliona taarifa imekuja mapema mno. Tangazo la namna hiyo hukupa nafasi ya mwisho ya kuagiza. Unatakiwa useme sasa utahitaji ngapi hadi kifo cha mashine yako.

Tuseme una vichwa 20, kila kimoja kina kadi mbili zenye prosesa hiyo, na kwa uzoefu zinakufa mbili kwa mwaka. Unataka kufika miaka ishirini mbele. Hapo ni arobaini, na kumi za tahadhari. Hesabu ya mtoto wa shule. Lakini bajeti ya umma inaanza Julai na kufa Juni, tangazo limekuja Oktoba, na fungu la spea limekwisha kugawanywa. Ukifanikiwa kuchomoa fedha, mkaguzi atakuja mwaka wa tatu na kuzikuta arobaini na nne rafuni. Ataandika: mali isiyotembea. "Mnatumia mbili kwa mwaka, mmenunua hamsini?" Nimejibu swali hilo mbele ya watu wenye akili timamu, na kila mara nilihisi kwamba maneno yangu yanasikika kama ya mtu anayetetea wizi. Mkaguzi hana kosa. Fomu yake imetengenezwa kwa matairi na karatasi, vitu ambavyo mwakani vitakuwepo. Tulichofanya ni kubandika kwenye kila boksi la namna hiyo nakala ya tangazo la kiwanda na hesabu yetu, imesainiwa na mhandisi. Wakaguzi waliofuata walisoma karatasi hiyo kabla ya kutuita.

Kwenye ishara za reli sikuruhusu mjadala wa mbadala kabisa, na sijutii ukali huo. Rilei ya ishara ya mtindo wa Kiingereza, kwa macho ya mtu wa viwandani, ni ya kizamani: kubwa, nzito, ghali. Mzabuni mmoja alituletea rilei ndogo ya kisasa yenye volti zile zile na akauliza kwa nini tunang'ang'ania makumbusho. Nikamweleza. Rilei ile ikikosa umeme inaanguka kwa uzito wake yenyewe, haitegemei springi inayoweza kuchoka. Ncha zake za upande wa hatari ni kaboni dhidi ya fedha, kwa sababu metali mbili zinaweza kuungana kwa cheche na kubaki zimeshikana; kaboni haiungani hivyo. Na kitako chake kina vipini vilivyopangwa kwa mpangilio maalumu ili aina moja isiingie mahali pa nyingine hata fundi akiwa amesinzia. Vyote hivyo vina kusudi moja: kikiharibika, taa iwe nyekundu. Rilei yake ya kisasa ingefanya kazi vizuri miaka mingi, na siku ambayo ingeng'ang'ania ingemwambia dereva njia ni nyeupe.

Elektroniki mpya haina kinga dhidi ya jambo hilo. Tarehe 23 Julai 2011, karibu na Wenzhou nchini China, treni mbili za mwendokasi ziligongana na watu 40 wakafa. Radi ilikuwa imepiga, vifaa vya ishara vikaharibika, na mfumo ukaendelea kuonyesha njia wazi mahali ambapo kulikuwa na treni. Taarifa ya uchunguzi ya serikali, Desemba mwaka huo, ilitaja kasoro kubwa za usanifu wa kifaa hicho pamoja na ulegevu katika kukipitia na kukiruhusu kitumike. Niliisoma kama mnunuzi. Kabla ya radi kulikuwa na meza, na kwenye meza hiyo kulikuwa na karatasi ya kukubali.

Sasa Tanzania ina treni ya umeme. Tangu 2024 abiria wanasafiri kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma kwa waya wa volti 25,000, chini ya mfumo wa ishara wa Ulaya ambao dereva anausoma kwenye kioo mbele yake. Kwa mtu wa kadi hiyo ni dunia nyingine. Kifaa kikifa hubadilishi aisi. Unabadilisha moduli iliyofungwa, yenye programu na funguo zake, na mwenye nayo mara nyingi ni mmoja tu duniani. Ushindani wa bei unakwisha siku mkataba wa treni unaposainiwa, na kila ununuzi wa miaka thelathini ijayo unakuwa umekwisha fanyika ndani ya viambatisho ambavyo hakuna mwandishi wa habari anayevisoma.

Kijana mmoja niliyemlea kazini, sasa yuko kwenye mradi wa reli ambao sitausema, alinipigia simu karibuni kuuliza namna ya kukadiria spea za moduli za kubadilishia umeme. Nikamwambia idadi iko baadaye. Nikamwuliza kama wana orodha ya vifaa hadi kwenye aisi za ndani, siyo moduli tu. Kama wamepewa benchi ya kupimia pamoja na programu yake. Kama mtengenezaji amefungwa kuwataarifu, na miezi mingapi kabla, akitaka kuacha kutengeneza kitu. Kama kiwanda kikifungwa, michoro inakwenda kwa nani.

Alinyamaza kidogo. "Mzee, haya si yangeandikwa kabla ya sahihi?"

"Ndiyo. Yameandikwa?"

"Kiambatisho kina kurasa mia nne. Ngoja nikisome, nitakupigia Jumatatu."